Kutoka Tendaguru hadi Berlin: Nilivyomfuata Mjusi wa Lindi

Kwetu Lindi hakuna asiyezijua habari za mjusi, yule dinosaria aliyechimbuliwa kilima cha Tendaguru wakati wa Wajerumani, mifupa yake ikapelekwa Berlin. Kila mbunge wa mkoa wetu akisimama bungeni kuuliza lini mifupa yake itarudishwa, kesho yake abiria wa daladala hubishana tangu stendi hadi Mnazi Mmoja. Mmoja anasema ni mali yetu, arudi. Mwingine anauliza akirudi atakaa wapi, nani atamtunza. Nimekua nikiusikia ubishi huo, lakini mjusi mwenyewe sikuwahi kumtia machoni, wala kilima alikochimbuliwa sikuwahi kukikanyaga. Dada yangu anayeishi Berlin aliponialika nikamtembelee, nikajiambia sitaanza na uwanja wa ndege. Nitaanza Tendaguru, kisha nishike njia iliyopita mifupa.

Tendaguru iko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, umbali wa kilomita 60 hivi. Nilipanda basi dogo la alfajiri, nikashuka Kitomanga, nikapatana na kijana wa bodaboda. Lami ikabaki nyuma yetu. Barabara ya kijiji cha Mipingo wakati wa kiangazi ina mchanga mwingi, pikipiki inayumba, na mara mbili nilishuka ili kijana aivushe peke yake. Mashamba ya ufuta yalikuwa yameshavunwa. Kijijini nilipiga hodi ofisi ya kijiji nikaeleza shida yangu, nikaandikwa kwenye daftari la wageni, nikapewa mzee wa kuniongoza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kutazama mashimo?"

Kusema kweli mashimo yenyewe hayaonekani kwa mtu asiyeyajua. Yamejaa udongo, miti imeota ndani yake, na bila babu ningeyapita nikidhani ni makorongo ya mvua. Yeye alikuwa akinyoosha fimbo: hapa moja, pale jingine, lile kubwa liko chini ya ule mti. Tulipofika mahali palipo peupe kidogo akainama, akaokota kipande cha kitu nilichodhani ni jiwe, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyotarajia. Upande wa nje ulikuwa laini, wa kijivu, na upande uliovunjika ulijaa vitundu vidogo vidogo, vingine vimezibwa na chembe zinazong'aa. Mfupa. Nilikishika mpaka babu aliponyoosha mkono kukidai, akakirudisha palepale alipokitoa. Sheria hairuhusu kuondoka na chochote, na yeye anaisimamia kwa macho yake mawili.

Pale tuliposimama, miaka milioni 150 iliyopita palikuwa pwani. Ndivyo miamba inavyosema: tabaka moja lina mifupa ya wanyama wa nchi kavu, linalofuata lina makome ya baharini, kisha mifupa tena, maana bahari ilikuwa ikipanda na kushuka kwa vipindi virefu mno. Mijusi mikubwa ilikuja hadi kwenye matope ya ufukweni, na mingine ikanasa. Wachimbaji walikuta miguu ikiwa bado imesimama wima ardhini, mwili wa juu umeshapotea. Nilikuwa nimesoma habari hiyo nyumbani. Lakini kuiwaza ukiwa pale, jua linachoma na bahari iko mbali, inakuingia kwa namna nyingine kabisa.

Masimulizi yaliyoandikwa huanza mwaka 1906, na mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni ya Lindi, akaona mifupa mikubwa imejitokeza juu ya ardhi. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas kutoka Stuttgart kuithibitisha. Mwaka 1909 Makumbusho ya Historia ya Asili ya Berlin ikawatuma Werner Janensch na Edwin Hennig, na uchimbaji ukaendelea hadi 1913. Angalieni miaka hiyo vizuri. Vita vya Maji Maji vilikuwa 1905 hadi 1907. Wamwera, watu wa huku kwetu, walipigana, na wakaadhibiwa kama wengine wote wa kusini: mashamba na maghala yalichomwa moto, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ardhi ya Tendaguru ikatangazwa kuwa mali ya dola ya Ujerumani. Majivu hayajapoa, mzungu anatangaza kazi ya kuchimba mifupa kwa ujira. Nani angekataa?

"Watu husema walichimba Wajerumani," babu aliniambia tukiwa tumeketi kivulini. "Wajerumani walikuwa wachache, wamesimama na daftari. Waliochimba ni babu zetu."

Na kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zinamuunga mkono. Kazi ilipopamba moto, vibarua na wapagazi walifikia 500 hivi. Wengi walikuja na wake na watoto, kilima kikageuka kijiji. Msimamizi mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Huyu hakuwa mtu wa kushika jembe tu. Alijifunza kuusafisha mfupa uliokwisha kupasuka bila kuuvunja, akaujua udongo wake na aina za mifupa, akawafundisha wengine, na wazungu walipobadilishana zamu yeye ndiye aliyekuwa na uzoefu wa pale. Alikuwapo pia Mohammadi Keranje, aliyesimamia moja ya machimbo. Watu hawa walifanya kazi ya sayansi, na ninalisema hilo bila kulipunguza. Asiyejua kuutoa mfupa wa miaka milioni 150 ardhini huupata unga.

Baada ya kuchimba ikaja kubeba. Mifupa mirefu ilifungwa kwa plasta na mianzi, vipande vidogo vikatiwa kwenye masanduku, kisha vyote vikawekwa kichwani na mabegani. Hapakuwa na reli wala mkokoteni, na punda wasingedumu kwa sababu ya mbung'o. Kwenda Lindi ilikuwa mwendo wa siku tatu hadi nne. Mzigo uliofika bandarini kwa miaka yote hiyo ulikuwa takriban tani 230. Safari niliyoimaliza kabla ya adhuhuri nikiwa nimekaa juu ya pikipiki, wao waliifanya kwa miguu, maelfu ya mizigo, msafara baada ya msafara.

Jioni nilirudi Lindi nikaenda ufukweni, mahali boti za Kitunda zinapopakia abiria. Boma la Wajerumani limebaki magofu si mbali na hapo. Mji huu umezika pia mmoja wa waliokuja baadaye: William Cutler, kiongozi wa msafara wa Waingereza waliochimba Tendaguru tangu 1924, ambaye malaria ilimuua hapa mwaka 1925. Katika msafara huo alikuwamo kijana aliyezaliwa Kenya, Louis Leakey, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa Olduvai. Mifupa waliyochimba Waingereza ilikwenda London. Ile ya Wajerumani ilikwenda kwa meli hadi Hamburg, kisha Berlin. Mimi nikapanda basi la Dar, halafu ndege.

Berlin nilipokewa na dada na binti yake, mwanafunzi wa shule ya msingi, aliyezaliwa kule na anayezungumza Kiswahili kizuri chenye lafudhi ya Kijerumani. Yeye ndiye aliyejiteua kuwa mwenyeji wangu. Tulipanda treni ya chini ya ardhi, ile U6, tukashuka kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, tukapanda ngazi, na jengo likawa mbele yetu mtaa wa Invalidenstraße. Ni jengo la mwaka 1889, kubwa, la mawe, lenye ukimya wa taasisi iliyozoea kuheshimiwa.

Ukishakata tiketi huna hata muda wa kujiandaa. Unaingia ukumbi mkubwa wenye paa la kioo, na yeye yupo katikati.

Nilikuwa nazijua tarakimu: urefu wa kwenda juu mita 13.27, mifupa iliyosimamishwa mirefu kuliko ya dinosaria yeyote katika makumbusho duniani, rekodi iliyoandikwa kwenye kitabu cha Guinness. Tarakimu hazikunisaidia. Kichwa kiko juu kabisa, karibu na mwanga wa paa, na ili kukiona inabidi urudi nyuma. Mguu wa mbele ni mrefu kuliko wa nyuma, ndiyo maana mgongo wake unateremka kuelekea mkiani kama wa twiga. Mfupa mmoja tu, ule wa juu wa mkono, una mita 2.13. Nilisimama kando yake, nikanyoosha mkono juu ya kichwa changu, na mfupa ukanizidi.

"Mjomba, unalia?" mpwa wangu aliniuliza.

Nilikuwa ninalia, ndiyo. Nilimwambia huyu anatoka kwetu, na kwamba nimetoka kuona shimo lake.

Akaniambia hilo analijua, wameshasoma shuleni kwamba anatoka Tanzania. Kisha akanisogeza kwenye maandishi ya Kijerumani akaanza kunitafsiria, kidole chake kikifuata mstari. Tendaguru. Nililisikia jina la kilima cha kwetu likisomwa na mtoto kwa sauti, ndani ya ukumbi uliojaa watu wa mataifa yote, nikafurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Si kila kinachoonekana pale ni mfupa halisi. Pingili za shingo na mgongo ni nzito na dhaifu mno kuning'inizwa, hivyo zilizowekwa ni za kuigiza, na kichwa cha juu nacho ni cha kuigiza. Miguu ni mifupa yenyewe, nayo imeungwa kutokana na zaidi ya mnyama mmoja. Alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937, bendera za Manazi zikiwa zimetundikwa nyuma yake. Vita vya pili vya dunia vilipoukaribia mji alifumuliwa akafichwa chini ya jengo, na ilikuwa bahati, maana Februari 1945 bomu liliangusha upande mzima wa makumbusho. Akasimama tena 1953, safari hii chini ya Ujerumani Mashariki. Mwaka 2005 alifumuliwa upya, fundi wa Kanada wakamtengenezea fremu ya chuma inayoruhusu kila mfupa kutolewa peke yake, na 2007 akarudi akiwa na mkao mpya: miguu imenyooka, mkia umeinuliwa kutoka sakafuni. Sayansi ilikuwa imegundua kwamba mijusi hii haikutembea kwa kujikunja kama kenge. Mwili uleule, tawala tatu, mikao miwili.

Hayuko peke yake. Wenzake wa Tendaguru wamemzunguka: Dicraeosaurus mwenye shingo fupi, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani, Elaphrosaurus mwembamba wa mbio, na Dysalotosaurus mdogo. Kuna darubini maalumu ukumbini. Ukichungulia, mifupa inavaa nyama, kisha ngozi, kisha mnyama anatembea. Watoto walikuwa wamepanga foleni, na mpwa wangu alinishika mkono tukasubiri zamu yetu. Chumba cha karibu kina Archaeopteryx, ndege wa kale wa Bavaria mwenye meno na mkia wa mifupa, na wataalamu wengi huona kwamba hicho ndicho kito cha nyumba nzima. Nilimtazama kwa heshima. Moyo wangu ulikuwa umebaki ukumbini.

Nilirudi nikazitazama zile mbao za majina, na hapo ndipo furaha ilipoingia doa. Mjusi mkubwa aliitwa Brachiosaurus brancai, na siku hizi Giraffatitan brancai. Branca alikuwa mkurugenzi wa makumbusho. Dicraeosaurus hansemanni: Hansemann alikuwa mmoja wa waliochangisha fedha za msafara. Elaphrosaurus bambergi, mfadhili mwingine. Na yule mdogo, aliyepewa jina mwaka 1919, ni Dysalotosaurus lettowvorbecki. Lettow-Vorbeck! Jemadari wa Kijerumani aliyeivuta vita ya kwanza ya dunia katika nchi yetu tangu kaskazini hadi kusini, huku wapagazi wakifa kwa njaa na maradhi nyuma yake. Mnyama wa Lindi amebeba jina la mtu aliyewabebesha watu wa Lindi mizigo hadi kufa. Kanuni za sayansi haziruhusu jina la aina lifutwe kwa urahisi, nami nazielewa. Hainizuii kuumia.

Faraja imekuja polepole. Mwaka 2007, mtafiti alipochunguza upya pingili za shingo zilizotoka Tendaguru akaona ni za mnyama ambaye hajawahi kutajwa, akamwita Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Mwaka 2019 mkia mrefu uliokuwa umekaa muda wote chini ya jina jingine ukapewa jina lake: Wamweracaudia keranjei. Wamwera wote wamo ndani yake, na Mohammadi Keranje naye. Karibu miaka mia moja na kumi baada ya kazi yao. Makumbusho yenyewe pia imefanya utafiti wa kina kuhusu mazingira ya kikoloni yaliyoileta mifupa hii, na haikwepi tena kuyazungumza. Ninaliheshimu hilo. Lakini mgeni anayeingia leo, akapiga picha yake na kutoka, atakumbuka ukubwa wa mjusi. Ningetaka atoke akilijua jina la Boheti vilevile, limeandikwa kwa herufi kubwa, na picha yake ya machimboni imewekwa pale miguuni, jicho la kila mtu likutane nayo kabla ya kupanda juu.

Dukani, karibu na mlango wa kutokea, nilikuta mjusi wetu wa plastiki, wa manyoya, wa mbao, kwenye vikombe na kwenye soksi. Hapo mpwa wangu akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Picha ambayo dunia nzima inayo kichwani ya dinosaria mwenye shingo ndefu, kifua kilichoinuka na paji lililovimba juu ya pua, imetokana sana na mifupa ya Tendaguru. Nililifuatilia baadaye nikakuta ana haki. Brachiosaurus wa kwanza alipatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900, lakini mifupa yake ilikuwa michache na haikuwa na kichwa. Waliotaka kumchora mzima walimtazama wa Berlin. Hata yule anayesimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani katika filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, anayeitwa kwa jina la Kimarekani, sura yake ni ya huku kwetu. Watoto wa Tokyo na Buenos Aires wanapaka rangi mnyama wa wilaya ya Lindi kwenye madaftari yao. Mtoto wa Mipingo je, ameshapewa daftari lenye mnyama huyo, na mtu wa kumwambia kwamba alipita nyuma ya shamba la bibi yake?

Dada aliniuliza usiku ule, tukila wali na samaki wa barafu wa Kijerumani, kama bado nataka mjusi arudi. Nilimjibu ninachowajibu sasa wote wanaoniuliza. Nataka haki yetu juu yake ikubaliwe kwanza, kwa maandishi. Baada ya hapo mazungumzo ya asimame wapi yatakuwa ya watu walio sawa. Mifupa iliyosimama ni sehemu ndogo ya tani 230. Chini ya jengo lile kuna mizigo ya mianzi iliyofungwa Tendaguru ambayo haijafunguliwa tangu enzi hizo, na siku hizi inachunguliwa kwa mionzi bila kuivunja. Vijana wetu wa jiolojia wangekuwa mstari wa mbele kuifungua. Nakala kamili ya mjusi ingeweza kusimama Lindi mjini, penye barabara na umeme na wageni, na mapato yake yakatengeneza njia ya Mipingo. Na kilima chenyewe bado kina mifupa. Nimekishika kipande chake. Kuichimba kunahitaji fedha na wataalamu, na sioni kwa nini wataalamu hao wasiwe wajukuu wa Boheti.

Kwa anayetaka kwenda Tendaguru: nenda kati ya Juni na Oktoba, masika hakupitiki. Beba maji yako ya kutosha, maana kilimani hakuna hata duka. Anzia ofisi ya kijiji, mlipe vizuri mzee atakayekuongoza, na chochote utakachookota kirudishe. Mpwa wangu ameshamwomba mama yake tiketi. Likizo yao kubwa ya shule inaangukia Julai na Agosti, wakati barabara yetu ni kavu, na nimeshampigia yule kijana wa bodaboda kumwambia safari hii tutakuwa wawili.